Wageni wa Levina

Isevya, Tabora
4 Septemba 2025

Mama, shikamoo.

Habari za hapo Puge? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila joto la huku halisemeki. Wiki ijayo watakuja hapo wenzangu wa kazini. Ni ule utafiti niliokueleza, wa kujua vijiji gani vitaumizwa zaidi na ukame na haya mabadiliko ya hali ya hewa. Mimi siruhusiwi kuja, kwa kuwa ni kwetu. Watauliza mambo ya chakula na maji. Wapokee vizuri tu. Barua nampa kondakta wa basi la Nzega, maana simu yako najua imekufa tena.

Mwanao,
Levina

Puge
16 Septemba

Marahaba, mwanangu. Goti lipo, linaniamsha kabla ya jogoo. Na jogoo mwenyewe hayupo, nimewachinjia wageni wako. Usinigombeze! Walikuja wanne, wana adabu zao. Nikawapikia na wali, ule mpunga niliouweka wa mbegu. Viti nikaazima kwa jirani Gaudensia, vyote sita.

Wakauliza tunakula mara ngapi kwa siku, nikasema tatu. Maji? Nikasema hayasumbui. Ulitaka niwaambie nafukua mchanga mtoni tangu alfajiri? Ningekuaibisha. Na majirani nilikuwa nimewapitia wote: jamani, hao ni wageni wa Levina. Wazee wako walipokea misafara ya wapagazi hapa hapa, na hakuna aliyeondoka akinung'unika.

Mama yako,
Pelagia

Isevya
2 Desemba

Mama, shikamoo. Unaendeleaje?

Nimechelewa kwa sababu sikujua niandike nini. Majibu yametoka. Puge mmewekwa kundi la wanaojimudu. Vijiji kumi vinapata kisima kirefu na mbegu, ninyi hammo. Karatasi zenyewe zilipitia mezani kwangu. Niliposoma "viti sita" nililia, mama, mbele za watu.

Tumekatazwa kusema mapema kwamba kuna msaada, eti watu wasije wakadanganya. Kumbe mmedanganya vile vile! Mvua imenyesha? Utapanda nini?

Mwanao,
Levina

Puge
20 Desemba

Marahaba. Mimi nipo, goti nalo lipo.

Mvua ilinyesha siku moja ikatuacha hivi hivi. Mbegu unauliza nini, si walikula wenzako? Ngollo wa hapo jirani amehama na ng'ombe wake, hata hakuaga. Nimewaambia majirani kwamba kosa ni langu. Jioni Gaudensia akaniletea bakuli la michembe ya viazi. Bora angenitukana.

Hivi hao wakubwa wako hawaambiliki?

Mama yako

Isevya
9 Januari 2026

Mama, shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Nimemng'ang'ania mkuu wangu mpaka amechoka na mimi. Alhamisi atamtuma mtu mmoja arudie nyumba tano tu, na yako imo. Hii ikipita, mpaka miaka mitano ndiyo wapime tena. Nakuomba, mama, nakupigia magoti. Usipike. Usiazime kiti. Kama mnakula mara moja, sema mara moja.

Levina wako

Puge
17 Januari

Levina mwanangu, marahaba.

Nilijiandaa, Mungu shahidi. Tangu asubuhi nilikuwa nasema peke yangu jikoni: mara moja, mara moja. Akaja binti, anaitwa Bertila, vumbi mpaka magotini. Gari lilimharibikia njiani akatembea, na ana mimba ya miezi kama sita. Akakaa chini kwenye gogo, akaniita mama. Akauliza, jana mmekula mara ngapi?

Kumwambia mgeni kwamba nina njaa ni kumfukuza, mwanangu, sisi hatukulelewa hivyo. Nikamwambia subiri kidogo. Nikaenda kwa Gaudensia kuazima kiti, na sukari. Gaudensia alijua nimekwenda kufanya nini. Aliniangalia sana, halafu akanipa.

Lakini nilijitahidi, usiseme sikujitahidi. Safari ile nilisema tatu. Safari hii nimesema mbili.

Bertila anakusalimu. Chai ameisifu sana.

Mama yako,
Pelagia