Mchumba Wangu Alilipwa kwa Mayai Yake, Je, Nimsamehe?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla kichwa hakijapasuka, maana mimi ni kinyozi, nina saluni yangu mwenyewe karibu na soko, watu wananiheshimu, na nina mchumba mwokaji mikate ambaye mama alishamkubali na hata ukumbi wa harusi tumeshautafuta, sasa hivi karibuni nikaona amekuwa mtu wa kuchokachoka, tumbo limejaa, nikamtania apunguze kuonja mikate yake, akacheka tu, kumbe mwenzangu alikuwa anachomwa sindano kwenye kliniki ya uzazi ili mayai yapevuke, na alipopata nafuu akaja saluni mchana kunieleza kwamba ametoa mayai yake apewe mwanamke asiyejaliwa mtoto, kliniki imemlipa fidia ya usumbufu, na yeye kanunua tanuri la mtumba ili aache kumwokea tajiri wake.

Kwa bahati mbaya mama alikuwa amekaa pale kwenye benchi na wateja wamejaa, mmoja wao kichwa kimenyolewa nusu akauliza kama ni mayai ya kisasa au ya kienyeji, watu wakavunjika mbavu, na mimi nikacheka, kwa nini nisicheke, ila mama hakucheka, akamwambia, "Kwa hiyo mjukuu wangu wa kwanza umeshamuuza."

Mchumba akamjibu taratibu, "Mama, mwanao alitoa mbegu kliniki ileile mwaka juzi na akalipwa. Mbona yeye hajauza wajukuu?"

Na ni kweli mshauri, nilitoa, sifichi, ndizo pesa zilizonunua kiti changu cha kuzunguka, na wateja waliposikia wakaniita Dume la Mbegu na mpaka leo wananiita hivyo, lakini mama akamfafanulia vizuri tu, "Ya mwanaume ni kama jasho, likitoka limetoka. Yai la mwanamke ni damu ya ukoo."

Mchumba akanigeukia. "Na wewe unasemaje?"

Nikamwambia tungoje wateja waondoke, basi akavua pete, akaiweka juu ya taulo, akaenda kwa dada yake na simu hapokei. Mama anasema akirudi aombe radhi mbele ya ukoo, tanuri liuzwe na pesa aletewe yeye azitakase, na wewe mshauri usiniambie angetoa bure ingekuwa afadhali, maana angetoa bure ningeuliza ni nani huyo anayependwa kiasi hicho. Mimi nampenda na nina moyo wa kusamehe. Je, nimsamehe mara moja au nimwache kwanza ajifunze?

Kinyozi Mwenye Uchungu

MSHAURI ANAJIBU

Kinyozi, pole. Niliirudia barua yako nikimtafuta aliyekosewa, nikamkuta kwa dada yake.

Tuanze na jasho. Wewe uliingia chumbani na kikopo, ukatoka, ukapewa chako, ukaenda kununua kiti. Mwenzako kachomwa sindano siku baada ya siku, kalazwa kwa dawa ya usingizi, mayai yakavutwa kwa sindano ndefu, kisha akarudi kukanda unga. Kama kulipwa ni dhambi, aliyelipwa kwa kazi nyepesi atangulie kutubu.

Sasa damu ya ukoo. Mtoto atakayezaliwa kwa yai la mchumba wako hana hata tone la damu ya mama yako. Wenye damu yake ni wale watoto wa mbegu zako, na huenda saa hizi wanatambaa sebuleni kwa watu. Mweleze mama jambo hilo akiwa ameketi.

Yapo maswali ya maana, sikatai. Alielezwa hatari zake? Alikwenda kwa hiari au alisukumwa na dhiki? Mtoto akikua akataka kumjua, itakuwaje? Hayo yanakuhusu na wewe, na tangu mwaka juzi hujajiuliza hata moja. Alipaswa kukwambia mapema, hapo nakuunga mkono. Lakini nikiangalia mlivyompokea, naelewa kwa nini alinyamaza. Mtu anavimba tumbo mbele ya macho yako, wewe unaona mikate.

Kilichomwondoa si maneno ya mama yako. Mama mkwe hata kabla ya ndoa husema mengi, na mwanamke mwenye akili hupokea nusu na kuacha nusu. Kilichomwondoa ni wewe kuona haya mbele ya vichwa unavyovinyoa mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Tanuri haliuzwi, na mama hatakasi chochote. Mwambie kwa adabu na umwambie leo. Mteja wako akianza tena habari za kienyeji, zima mashine, mwambie huyo ni mke wako mtarajiwa, na kama hataki, akamalizie kichwa kwa kinyozi mwingine. Kisha funga saluni uende kwa shemeji yako, peke yako. Ulizia afya ya mchumba wako kwanza, halafu unyamaze mpaka amalize yaliyo moyoni. Habari ya kumsamehe usiitaje kabisa. Hapo wewe ndiye mwombaji.

Na asipofungua mlango, usigonge mpaka majirani watoke. Atakuwa ameomba ushauri kwingine, na amepewa mzuri.