Sungura Mwenye Hasira

Mjukuu wangu Kinya,

Hapa Muthara sote tu wazima, na babu yako anavuna maharagwe huku akiimba. Umeniuliza umsaidieje mtoto anayeuma wenzake darasani unamofundisha huko Majimbo.

Nilipoanza kufundisha chekechea, msichana mmoja, Kagendo, alimuuma kila aliyegusa mwanasesere wake. Siku moja niliwasomea kitabu cha sungura mwenye hasira, nikakifunga kabla ya mwisho.

"Sungura afanye nini?" nikauliza.

"Apumue," Kagendo akajibu, "kisha aombe vizuri."

Kesho yake mwenzake Mwenda alimnyakua mwanasesere. Kagendo alifungua mdomo tayari kumuuma. Akavuta pumzi mpaka mashavu yakavimba.

"Nirudishie, tafadhali."

Mwenda akamrudisha. Kagendo alifurahi hata akamwambia wacheze pamoja.

Msomee huyo mwanafunzi wako hadithi kama hiyo, umwachie swali ajibu mwenyewe.

Nyanya yako anayejivunia mwalimu wake