Tableti Hii Sisasishi

Jumanne, Jeddah, mchana. Joto la hapa si kama la kwetu Riyadh. Kule linakukausha, hapa linakulowesha, na nguo nilizoanika tangu asubuhi bado zina unyevu. Bosi na familia yake, tuliokuja nao huku likizo, wamelala baada ya chakula. Mimi niko sakafuni jikoni, naandika haya kwenye simu. Tableti yangu kuukuu iko mapajani, na nina hasira nayo na ninaipenda.

Ule ujumbe umetokea tena: sasisha sasa, au baadaye. Huu mwaka wa pili nabonyeza baadaye.

Najua wananicheka. Lujain, binti mkubwa wa madam, huniambia tableti isiyosasishwa ni rahisi kuibiwa siri. Siri gani? Wezi wakiingia humo watakuta picha za mbuzi wa dada yangu na mchezo wa drafti. Karibuni.

Drafti ndiyo yenyewe.

Baba hakutaka nije Saudia. Siku naondoka Voi alikuwa kwenye baraza la duka, anacheza drafti kwa vifuniko vya soda, na hakuinua kichwa. Mwaka mzima nikipiga simu alikuwa anampa dada yangu Mghoi bila hata kuniitikia salamu. Ndipo nikanunua tableti mbili za mtumba pale sokoni Batha, Riyadh, zote zina mchezo uleule wa drafti. Rafiki yangu Nafula akaenda na moja likizo nyumbani, akampelekea. Mghoi alimwonyesha namna ya kuchezea. Hakutuma asante. Ila kesho yake kete yake moja ilikuwa imesogea.

Tangu hapo tunacheza, kila mtu hatua moja kwa siku. Pembeni kuna kisanduku cha kuandikiana. Mimi humwandikia shikamoo kila siku. Yeye hajawahi kuandika hata herufi. Hunijibu kwa kete: anakuachia moja uile, halafu anazila zako tatu. Ndivyo alivyo.

Nafula naye alikuwa na mchezo huohuo kwenye tableti yake. Alipoisasisha haukufunguka tena, na tumeutafuta kila mahali, mafi, hakuna. Basi asinifundishe mtu.

Juzi Jumapili, nikiwa napiga pasi, Lujain aliichukua tableti yangu kwa wema wake akabonyeza kukubali. Nilipoona kile kiduara kinazunguka, nilimpokonya nikazima mtandao. Sijawahi kumpokonya mtoto wa bosi kitu mkononi. Madam alinuna. Niliomba radhi kwa kupokonya. Kwa kukataa, sikuomba na siombi.

Lakini nakiri hapa: niliogopa kuuwasha mtandao tena. Nilidhani itaendelea pale ilipokatizwa. Siku mbili, mwanamke wa miaka arobaini na moja, naogopa kitufe.

Leo nimejikaza. Nimewasha, nikakuta kitufe cha kughairi, nikakibonyeza mara tatu nisije nikasema sikubonyeza vizuri. Drafti ikafunguka. Kete za Baba ziko palepale nilipoziacha.

Na kwenye kile kisanduku, kuna maneno.

"Siku mbili hujacheza. Uko mzima?"

Nimelia, sitadanganya. Nimelia nimeziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo ili nisiwaamshe watu. Miaka mitatu nilikuwa nasema moyoni kwamba mzee hanihesabu, kumbe siku zangu anazihesabu moja moja.

Nimemwandikia: Shikamoo Baba. Niko mzima, tableti tu ilisumbua. Msimruhusu mtu yeyote aiguse hiyo yenu.

Lujain akiamka nitamweleza habari hii yote. Akielewa, vizuri. Asipoelewa, tableti ni yangu na kidole ni changu.

Kete aliyoniachia ni mtego, nimeuona. Nimeila hivyohivyo. Kesho atakula zangu tatu, na mwacheni ale.