Chupa ya Nne

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana hata mke wangu sijamwambia. Kazi yangu ni kupima maji ya chini ya ardhi kwenye kituo cha mafuta ambacho tangi lake lilivuja miaka mitatu iliyopita, tangi lilishatolewa lakini petroli ilibaki udongoni, kwa hiyo yakachimbwa mashimo manne membamba, na kila mwezi najaza chupa nne, moja kwa kila shimo, napeleka maabara, na ipo mashine ya kuvuta maji machafu na kuyasafisha, isizimwe mpaka majibu yawe mazuri. Sasa shimo la nne liko nyuma, karibu na ukuta, na mwenye kituo aliegesha lori bovu juu ya mfuniko wake, nikamwomba aliondoe akasema kesho, kesho yake akasema kesho, na mimi nina vituo vingine vya kwenda, basi nikajaza chupa ya nne kutoka shimo la kwanza, ambalo lilishakuwa safi, nikajiambia ni mara moja tu. Mshauri, imekuwa miezi mitano. Majibu yakarudi mazuri, mashine ikazimwa, bosi akanisifu mbele ya wenzangu.

Balaa ni kwamba ng'ambo ya ukuta ule anaishi shangazi aliyenilea tangu nina miaka sita, na ana kisima uani. Majirani walipoanza kusema maji yananuka, akawajibu, "Acheni uzushi! Mwanangu ndiye anayepima, angeniacha ninywe sumu?" Wakanyamaza, wakaendelea kuchota. Jumapili nilikwenda kumsalimu, akaniletea maji kwenye kikombe changu cha utotoni, nikamwambia sina kiu. Jumapili iliyofuata vilevile. Nikisema ukweli kazi sina, na watoto ninao. Je, siwezi kuliondoa lori kimyakimya, nipime upya, niseme uchafu umejitokeza mwezi huu?

Mimi, Mpimaji

JIBU

Mpimaji, pole. Najua ulikuwa na haraka, na najua "mara moja tu" inavyozaa watoto. Pole imeisha, sasa nisikilize.

Unamlaumu mwenye lori, naye ana lake la kujibu, lakini lori halikujaza chupa. Na huo ujanja wa "mwezi huu" uuache hapo hapo, njia ya mwongo ni fupi. Ukisema uchafu umeanza juzi, daktari atakayempima shangazi yako atahesabu siku chache badala ya miezi mitano. Unataka kumdanganya na daktari pia? Ebo!

Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwake. Maji yale asinywe, asipikie, asiogee. Wala asidhani akiyachemsha yatafaa, petroli haiogopi sufuria. Kisha pigeni hodi pamoja kwa kila jirani anayechota pale, maana walinyamaza kwa heshima yake, na aibu hiyo usimwachie mama wa watu aibebe peke yake. Waliokunywa waende hospitali, waseme ni maji ya namna gani na kwa muda gani.

Kesho asubuhi mwandikie bosi wako: miezi mitano, chupa ya nne, shimo la kwanza. Usipambe. Nakala ipeleke maabara na kwa wakaguzi wa maji. Omba lori liondolewe, shimo la nne na kisima cha uani vipimwe na mtu mwingine, mashine iwashwe, na nyumba zile ziletewe maji safi.

Kazi unaweza kuipoteza, sikufichi. Lakini kazi yenyewe, mwanangu, uliiacha miezi mitano iliyopita, ukabaki na mshahara.

Umesema huna kiu Jumapili mbili mfululizo. Kumbe koo lako lilishapima, likapata majibu, ukayafanya yako peke yako. Leo shangazi atakuletea kile kikombe kama kawaida. Kipokee, kiweke chini, umwambie kwa nini hunywi.