Mkia wa Mshale Mfupi

Bariadi, Simiyu

Kaka yangu Hamza,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama, na uvimbe wa mguu wake uwe umepungua. Anakunywa dawa au anazificha chini ya godoro kama zamani? Sisi huku tuna afya. Pamba imeanza kupasuka, na baiskeli zinazotoka Dutwa zimebeba mizigo mikubwa kuliko waendeshaji.

Jumapili ile ulinikatia simu kabla sijamaliza kusema, ndiyo maana naandika. Karatasi haikatwi. Ulisema mwanao Mwanaidi akikaririshwa darasa la kwanza kwa kutojua kusoma saa, utakuja kumchukua, kwa sababu shangazi yake anajua kubishana tu, hajui kulea. Sasa nisikilize.

Mtoto wako si mjinga. Shuleni kwao wanasoma kwa Kiingereza. Mwalimu alichora saa ubaoni, mshale mfupi kwenye nane, akamwuliza ni saa ngapi. Mwanaidi akasema, "Two o'clock." Akapewa kosa, darasa likacheka. Lakini nyumbani mshale ukiwa kwenye nane tunasema nini? Saa mbili. Mtoto alitafsiri sawasawa alichofundishwa na watu wake. Kila mtu stendi ya Bariadi hutazama sita akasema saa kumi na mbili, na basi halimwachi. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, na hesabu hiyo ina akili kuliko kuianza siku usiku wa manane watu wamelala. Kosa letu ni kwamba hakuna aliyemwambia mtoto kuwa uso mmoja wa saa una hesabu mbili. Watu wazima tunatoka huku na kuingia kule kila siku, wala hatujui kwamba tumevuka.

Nikaamua kuirekebisha saa ya ukutani. Nikakata vikaratasi, nikabandika moja juu ya saba, mbili juu ya nane, nikazunguka hivyo mpaka mwisho. Jirani yangu Mama Kulwa aliingia kuomba chumvi, akasimama kuitazama, akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Leo umegombana na saa?"

"Nimeisahihisha."

"Wanaume wa kata umewamaliza, sasa umehamia ukutani."

Kwa siku chache nilijiona mshindi. Mwanaidi alisoma saa kama anaimba. Kisha shuleni akaikuta saa isiyo na vikaratasi, akachanganyikiwa kuliko mwanzo. Wenzake walipojua sababu wakamwambia, "Saa ya kwenu imevaa nguo." Alirudi akakaa mlangoni na begi mgongoni, uji hakuutaka.

"Shangazi, saa yako ni ya uongo."

Hapo, kaka, niliumia kuliko uliponikatia simu.

Jumamosi asubuhi niliitungua saa, tukaanza kubandua vikaratasi pamoja kwa maji ya uvuguvugu. Ilikuwa saa nne, mshale mfupi uko kwenye kumi. Mwanaidi akainamia kioo.

"Shangazi, huu mshale una mkia."

"Mkia gani?"

"Huu hapa nyuma. Kichwa kiko kumi, mkia uko nne."

Nimetazama mishale ya saa tangu nikiwa na umri wake, nimesoma vitabu hadi macho yamechoka, na sikuwahi kuuona mkia ule. Nikazungusha mishale. "Kichwa saba, mkia moja," akasema. "Kichwa tisa, mkia tatu." Nikamwambia basi kichwa kinasema Kiingereza, mkia unasema Kiswahili. Akauliza mkia wa mshale mrefu unasema nini. Nikamjibu huo hausemi kitu. Mrefu tunautazama kichwa tu, kwa lugha zote. Tulirudia siku mbili nzima, hata wali ukaungua.

Jumatatu nilimpeleka shule mwenyewe, nikiwa na hotuba tayari. Mwalimu wake, kijana wa Nkoma, aliishusha saa ya ofisini, akawa anazungusha mishale na kumwuliza. Mwanaidi akajibu yote kwa Kiingereza.

"Na kwa Kiswahili?" mwalimu akamtega.

"Si unasoma mkia, mwalimu."

Kijana akaisogeza saa karibu na macho, akacheka peke yake. Kisha akanigeukia. "Lakini mama, mambo ya mkia hayamo kwenye mtaala."

"Na saa kumi na mbili ya basi lako la kwenda kwenu imo?"

Akamwita mwalimu mkuu. Naye akamjaribu, akasema mtoto apande darasa la pili na wenzake.

Sijamaliza nao. Kwenye mkutano wa wazazi nitadai hesabu zote mbili zifundishwe waziwazi, maana wapo watoto wa Zagayu na Dutwa wanaochekwa vivyo hivyo, na hawana shangazi mwenye mdomo. Nawe kama unaona nilichofanya si kulea, nieleze kwa maandishi kulea ni kupi.

Nisalimie mama, mjomba wetu fundi cherehani, na mdogo wetu aliyeolewa Korogwe. Wifi akipiga simu kutoka chuoni, mwambie binti yake amepanda darasa. Mwanaidi anakuamkia. Anasema ukija kututembelea, tiketi ya kurudi ukate ya mtu mmoja.

Ni mimi dada yako, ninayebishana na kulea,
Saumu