Kitanda cha Bibi Mkubwa

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka hadi kwenye kope. Tangu jumba la Bibi Mkubwa ligeuzwe hoteli, wageni hawakatiki, na ngazi ni zilezile ulizokuwa ukizipiga deki wewe.

Nina neno. Kila mfanyakazi anaruhusiwa kumlaza mzazi wake hapa usiku mmoja, bure. Nimekuombea chumba cha juu, cha Bibi Mkubwa mwenyewe. Nitakutandikia kwa mikono yangu. Sharti langu ni moja: usiguse kitu. Ulale mpaka jua likuchome, walau mara moja nikuone umepumzika.

Kitindamimba wako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalia, lakini yananifikisha. Chumba cha Bibi Mkubwa! Si atafufuka anitimue? Dada zako wamecheka mpaka basi. Nitakuja. Nimeshafua gauni la kulalia, wasije wakasema mama yako katoka jalalani.

Mama yako

12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Sijui nianzie wapi.

Nilipanda na chai yako asubuhi, nimejipanga kukukuta unakoroma. Nikakuta kitanda kimetandikwa, pembe za shuka zimebanwa kwa mtindo wako, beseni linang'aa, na wewe umeshapanda basi. Msimamizi akaniuliza kama mgeni wangu alikuja kweli. Mama, nilikuomba kitu kimoja tu! Nimeumia. Ulilala lakini?

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usinikasirikie, nitakwambia ukweli.

Nilikaa kitandani. Shuka zilikuwa nyeupe mno, nikaona nitazichafua. Nikateremka kwenye zulia, pale miguuni, nilipokuwa nikilala Bibi Mkubwa alipougua. Mgongo ukapatambua, usingizi ukanichukua. Alfajiri mikono ikaanza kazi yenyewe. Nilipozinduka kitanda kilikuwa tayari, na mimi nina kitambaa mkononi. Niliona aibu, mwanangu. Ndiyo maana nikaondoka bila kukuaga.

Mama yako

2 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa na hasira, kisha hasira ikaisha ukabaki uchovu.

Juzi chumbani kwangu niligundua jambo. Nalala ukingoni kabisa mwa kitanda, nimejikunyata, ili asubuhi nisiwe na shuka la kunyoosha. Kitanda changu mwenyewe, mama! Nilicheka peke yangu, kisha nikalia.

Nimepata likizo, nakuja mwisho wa mwezi. Sitaki unipikie wala unifulie. Nataka tulale sote mpaka tuchoke kulala, na atakayetangulia kuamka asiguse shuka. Utaweza?

Kitindamimba wako

15 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Magoti hayajambo kidogo.

Unaniuliza kama nitaweza. Nimeanza mazoezi. Leo nimeamka nikakiacha kitanda kama kilivyo, shuka huku, mto kule, utadhani walilala mbuzi. Dada yako mkubwa kaingia akanishika paji la uso, akidhani naumwa. Nimemwambia atoke.

Nimepita mlangoni pale sijui mara ngapi. Mikono inaniwasha kwelikweli. Mpaka naandika haya, jua limeshapinduka, na sijakigusa.

Fanya haraka uje, mama, kabla sijashindwa.

Mama yako