Kofia za Kaka Nasoro

Mjukuu wangu Salim,

Salamu nyingi kutoka Sidab, hapa Maskati. Sote wazima, ila babu yako anagombana na magoti yake.

Umeniuliza mbona nilimlilia Sultani alipofariki, na mimi hata sikuwahi kusema naye.

Tulipohama Unguja kuja huku mwaka sitini na nne, kaka yangu Nasoro, bado mtoto, alikuwa masomoni Misri. Ruhusa ya kuingia Maskati hakupewa; Sultani wa kabla ya huyu akiwafungia mlango waliosoma nje. Kila Idi mama akimshonea kofia, kwa kipimo cha kichwa alichokikumbuka.

Sultani huyu alipotawala, akawaita watu warudi kwao. Nasoro akarudi, mama tushamzika. Akazijaribu kofia zote. Hata moja haikumwenea.

Nnakupelekea moja. Ivae uje, kabla haijakubana.

Bibi yako